Damu ya Akinyi na Barafu ya Mbuta

Juzi nilipita maabara kuchukua sufuria yangu niliyoisahau siku mliponiaga. Hamkuniona mara moja, kwa sababu nilisimama mlangoni nikiwatazama. Mmoja wenu, yule binti mwenye rasta, alipanga chupa za damu kwenye mashine mpya, akabonyeza kitufe, akatoka kwenda kunywa chai. Aliporudi, majibu ya kingamwili za kisukari yalikuwa yameshatoka, yote, ya kila aina. Niliwaonea wivu mpaka nikaondoka bila sufuria.

Nasema wazi, maana nimestaafu na sina tena cheo cha kulinda. Mliniomba niwaandikie mawaidha ya kazi. Mawaidha sina. Nilicho nacho ni wivu, na nimekuwa nao tangu nikiwa mdogo. Mama yangu akimkatia ndugu yangu kipande cha samaki wa ngege, mimi nilikuwa natazama kisu badala ya sahani yangu. Basi chukueni huo wivu, labda utawafaa kuliko mawaidha.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Oduor. Siku hizo kisukari tulikipima kwa kuchemsha mkojo. Ndiyo, chekeni. Unaweka dawa ya rangi ya buluu kwenye kichupa cha kioo, unadondoshea mkojo, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, mtu ni mzima. Ikigeuka kijani, wasiwasi. Ikiwa nyekundu kama tofali, mwite daktari. Chumba kizima kilinuka, na Mzee Oduor alikuwa na tabia ya kuja kula mahindi yake ya kuchoma mlangoni pale pale huku akitukagua. Alikuwa akituambia, "Msiangalie rangi peke yake. Ulizeni mkojo umetoka wapi, umekaa kwenye chombo gani, na ni nani ameubeba." Mimi nilidhani mzee anapenda kuongea tu. Na nilimwonea wivu mwenzangu mmoja ambaye mzee alimpa kiti karibu na dirisha, penye hewa.

Miaka ikapita, dawa ya buluu ikaenda, vijiti vikaja, mashine za damu zikaja. Halafu, mimi nikiwa mtu mzima mwenye miwani miwili, kikaja kipimo cha kingamwili.

Kwa wale ambao bado wanajifunza, nieleze kidogo. Kuna kisukari ambacho mwili una insulini, lakini insulini haifanyi kazi vizuri. Huyo mara nyingi ni mtu mzima, mara nyingi ana mwili, na vidonge humsaidia. Halafu kuna kile ambacho mwili wenyewe umegeuka. Kinga yake, iliyowekwa kupigana na maradhi, inaanza kupigana na zile sehemu za kongosho zinazotengeneza insulini, mpaka zinakwisha. Huyo bila sindano ya insulini hana maisha. Taabu ni kwamba huyu wa pili naye anaweza kuwa mtu mzima, na kwa macho ukadhani ni wa kwanza. Kipimo hiki kinatafuta kingamwili hizo kwenye damu. Ukizikuta, umejua mwili unajipiga wenyewe.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kila mtu alikitaka. Mtu mmoja tu angepelekwa Nairobi kujifunza, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kwa umri na kwa kazi. Nilishafua koti langu jeupe na kulipiga pasi. Akapelekwa Njeri.

Njeri mnamjua wengi wenu kwa sifa. Baba yake si Mjaluo, alikuja Kisumu kutoka Nyeri zamani, akawa anauza viazi sokoni, na Njeri amezaliwa na kusoma hapa hapa. Dholuo anaongea kama sisi, na akikasirika anaongea vizuri zaidi. Alikuwa mdogo kwangu sana, aliniita Mama Apiyo kwa heshima, na aliniletea viazi kila Krismasi. Sikuwa na sababu hata moja ya kumchukia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu mbaya ni rahisi kumwonea wivu. Mtu mwema anakuchosha.

Aliporudi, alipewa meza ya pembeni, pipeti mpya ya kudondoshea matone, na friji yenye kufuli. Mimi nilipewa kupokea damu, kuizungusha kwenye mashine, kutenga yale maji ya juu na kumkabidhi yeye. Hiyo ndiyo seramu, na kipimo kinaitaka hiyo, hakitaki damu nzima. Yeye aliidondoshea kwenye pleti, kibao chenye vishimo vingi, ambacho hakikupimwa mpaka seramu za watu zitoshe kukijaza. Yaani mimi nimenye viazi, yeye apike. Nilikuwa nikimkabidhi vichupa huku natazama dari.

Sasa msikilize habari ya Akinyi.

Akinyi alikuwa muuza omena, wale dagaa wetu, kule Usenge ufuoni mwa ziwa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mke wa mvuvi. Alianza kunywa maji kama ng'ombe na kukonda. Wakampima, sukari iko juu, wakampa vidonge. Vidonge havikusaidia, akazidi kukonda. Mnajua mtu akikonda kwenye ufuo wetu watu wanasema nini. Alipimwa Ukimwi, hana. Akapimwa tena, hana. Majirani wakasema cheti ni cha kununua. Mama mkwe wake, Mama Ochieng', akasema hii ni chira, mtu amevunja mwiko wa boma, na akaanza kutafuta ni mwiko gani.

Daktari wetu alimwona kliniki akataka aanze insulini siku hiyo hiyo. Akinyi akakataa. Au niseme, mama mkwe alikataa, na Akinyi akanyamaza. Mama Ochieng' alimwambia daktari usoni, "Daktari, watu wote wa kwetu wenye walidungwa hiyo sindano, sisi tuliwazika. Hiyo sindano ndio inamaliza mtu." Hakuwa mjinga. Ni kweli aliwazika, kwa sababu walianza sindano wakiwa wameshachelewa. Daktari akamweleza juu ya kipimo kipya. Mama Ochieng' akafikiri sana, akasema, "Sawa. Kama damu yenyewe itasema ni mwili inajipiga, mimi nitanyamaza na adungwe."

Kwa hiyo maisha ya yule mwanamke yalikuwa yananing'inia kwenye kichupa kimoja. Watu wa Milimani, mtaa wa wenye pesa, wakitaka kipimo kama hiki wanapanda ndege, wanatolewa damu Nairobi, na jioni wako nyumbani. Nao pia niliwaonea wivu, lakini huo niliwaonea kwa niaba ya Akinyi.

Kwa sababu Akinyi hakuwa na nguvu ya kurudi Kisumu, damu ilitolewa zahanati ya kule. Sista aliyeitoa alikuwa mchapakazi na mwenye huruma. Aliambiwa damu ije kwenye baridi. Sasa jiweke kwenye viatu vyake: uko ufuoni, umezungukwa na wanunuzi wa samaki, na kitu kinachojulikana na kila mtoto ni kwamba mbuta akizikwa ndani ya barafu anafika mbali akiwa mzima. Sista akaomba barafu kwa wanunuzi, ile wanayoitia chumvi ili igandishe zaidi, akaizika ile chupa ya damu ndani yake kama mbuta, akafunga sanduku, akalituma.

Nilipolifungua nilidhani nimeletewa chakula cha mchana. Harufu ya samaki ilijaa chumba. Chupa ilikuwa imeganda kama jiwe, na ilipoyeyuka, maji yake yote yalikuwa mekundu, mekundu ya juisi ya rosela. Samaki hukaa hivyo, lakini damu haikai. Damu nzima ikiganda kwa barafu, chembe zake zinapasuka na kumwaga kila kilichomo. Ilitakiwa itengwe kwanza, ndipo ipate baridi. Na rangi ile nyekundu ingeweza kutudanganya kwenye kipimo kinachosomwa kwa rangi.

Nikasema hii haipimwi. Njeri akaja mbio.

"Mama Apiyo, Ijumaa ndio tunarun kipimo. Tukikosa hii, mpaka pleti ijae tena ni mwezi mzima. Huyo mtu atakufa."

"Najua. Lakini hii damu imeharibika."

"Si unaweza kuzungusha tu, tuone itatoka aje?"

"Nimezungusha. Angalia."

Akaangalia. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, naomba usikasirike. Watu wote hapa wanajua hukufurahi mimi kuenda Nairobi."

Hapo ndipo nataka msimame kidogo, vijana. Ubaya mkubwa wa wivu niliuona siku ile. Haukuzuii kusema kweli. Unazuia watu wasikuamini ukiisema.

Tukafika kwa msimamizi wetu. Alikuwa mtu mnene mpole ambaye hakupenda kelele. Akashika ile chupa, akainusa, akaniangalia juu ya miwani.

"Mama Apiyo, niambie ukweli. Hii ni damu ama ni wivu?"

"Ni zote mbili, Bwana," nikamjibu. "Lakini wivu wangu hauwezi kugandisha damu kutoka Usenge."

Alicheka mpaka tumbo likatikisika. Njeri naye akacheka, bila kutaka. Msimamizi akasema basi, tuna mpaka Ijumaa; atakayeleta damu nzuri aende akailete. Njeri alikuwa na pleti ya kutayarisha. Nikaenda mimi.

Usenge nilifika jua likiwa kali, omena zimeanikwa kila mahali zikimeta kwenye nyavu. Akinyi alikuwa amekaa mbele ya nyumba, mifupa ya mabega imetokeza, lakini bado anafukuza kuku wasiguse omena. Nilimtoa damu pale pale kwenye kiti. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana.

Kwenye zahanati ile mashine ya kuzungusha ilikuwa imekufa zamani. Basi nikafanya alivyonifundisha Mzee Oduor kabla umeme haujawa wa kutegemewa. Damu ukiiacha isimame wima bila kutikiswa, inaganda yenyewe chini bila baridi, na maji yanapanda juu. Lazima isimame. Mezani ingeanguka, mkononi ingetikisika. Nikaomba pale nyumbani kikombe cha maharagwe makavu, nikaisimika chupa katikati ya maharagwe, nikakiweka kwenye kivuli, nikakaa kukilinda kama askari wa benki.

Mama Ochieng' alinitazama kwa muda mrefu.

"Sasa hiyo ndio dawa?"

"Hapana, mama. Nangoja damu itulie."

"Itulie?"

"Ee. Damu ikikimbizwa inasema uongo."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la maana. Akaniletea ugali na omena, na tukala tukikitazama kikombe, sisi watatu, na watoto wa jirani wakaja kukitazama pia. Akinyi alikula kidogo akasukuma sahani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, ikisema sio hiyo, nitafanya nini?" Nikamwambia tungoje.

Maji yalipopanda yalikuwa mazuri, rangi ya chai ya rangi iliyofifia. Niliyavuta polepole, nikayagawa kwenye vichupa viwili vidogo. Siku zote viwili. Kimoja cha kazi, kimoja cha bahati mbaya. Nikavifunga kwa gazeti visiguse barafu, nikaaga.

Ijumaa nilisimama nyuma ya Njeri akifanya kazi. Pipeti mkononi mwake ilikuwa haitetemeki hata kidogo. Tone, tone, tone, kishimo baada ya kishimo, kila tone sawa na mwenzake. Mkono wangu umri ule ulikuwa umeshaanza kucheza. Nilimwonea wivu mkono, niwaambie ukweli, kuliko nilivyomwonea safari ya Nairobi. Safari mtu anaweza kupewa mwakani.

Anasafisha vishimo, anaweka dawa, tunangoja. Kwenye kipimo kile, palipo na kingamwili, kishimo kinakuwa cha manjano, na manjano ikikolea ndivyo zilivyo nyingi. Vishimo vya mfano, vilivyotiwa kingamwili makusudi, vikakolea. Cha Akinyi kikabaki cheupe kama maji.

Hakuna.

Nilikaa chini. Mawazoni nilimwona Mama Ochieng' akisema, niliwaambia. Nilimwona Akinyi akirudishiwa vidonge vyake. Mimi ningeandika "hakuna" na kwenda nyumbani Migosi kulia, kwa sababu damu ilikuwa nzuri, kipimo kilikuwa kizuri, na jibu ni jibu.

Njeri hakukaa chini. Alisema, "Mama Apiyo, hii ni moja tu."

"Moja nini?"

"Kingamwili ni za aina nyingi. Hii kit inashika aina moja, ile inapatikana kwa wengi. Kuna watu hawana hii, wako na ile ingine. Mwalimu alituambia msimwachilie mtu kwa moja, kama mwili yake inapiga kelele." Akanigeukia. "Seramu imebaki?"

Nikaenda kwenye friji nikatoa kichupa cha bahati mbaya.

Alikishika kwa mikono miwili. Akapiga simu Nairobi kwa mwalimu wake, akabembeleza, akatania, akaomba kishimo kimoja tu kwenye pleti yao. Nilimsikia akisema, "Mwalimu, huyu ni mtu wangu." Kichupa kikasafiri, mara hii kimefungwa vizuri, na jibu likarudi. Aina ile nyingine ilikuwepo, tena nyingi sana, hakuna wa kubisha.

Vijana, mimi nilifurahi. Nilifurahi kwa moyo wangu wote na nikaona wivu kwa moyo wangu wote, na vyote viwili vilikaa bila kusukumana. Yule binti alijua kitu ambacho mimi sikujua, na alikijua kwa sababu alipelekwa, na ningepelekwa mimi ningekijua. Sitaacha kusema hivyo hata mkinizika.

Daktari aliwasomea majibu kliniki, Akinyi ameegemea ukuta. Mama Ochieng' akauliza mara moja tu, "Damu yenyewe ndio imesema?" Daktari akasema ndiyo. Yule mama akamgusa mkwe wake begani. "Kumbe mwanangu ulikuwa unapigwa kutoka ndani, na mimi natafuta mwiko." Sindano ya kwanza ilidungwa siku hiyo. Mama Ochieng' ndiye aliyejifunza kuidunga kabla hata ya Akinyi mwenyewe.

Baadaye Njeri alipandishwa cheo akahamia Nairobi. Viazi vya Krismasi bado anatuma. Sista wa Usenge tulimfundisha kusimamisha damu na kuitenga, na leo hakuna damu inayokuja kwenu ikinuka mbuta, ingawa nasikia kuna mmoja wenu aliyepokea damu imelala moja kwa moja juu ya barafu akaipeleka kwenye mashine kwa kuwa mashine haikulalamika. Mashine haiwezi kunusa. Pua ni yako.

Mwaka huu, baada ya nyinyi kuniaga, nilijisikia mpweke nikaenda Usenge kununua omena. Nilimkuta Akinyi kwenye meza yake, mnono, ana sauti kubwa, anamtukana mnunuzi aliyetaka kupunguza bei. Ilimchukua muda kunitambua. Mara akapaza sauti kuelekea kwenye nyavu.

"Njeri! Njeri, kuja hapa!"

Nikageuka nikitafuta Njeri wetu. Akaja mtoto wa kike mwenye umri wa nasari, mweusi tii, miguu imejaa mchanga, Mjaluo kutoka utosini hadi kisiginoni.

"Huyu ndio Njeri," Akinyi akasema. "Nyanya yake ndio alisema lazima. Jina ya yule daktari wa damu ilikuwa kwa karatasi ya majibu. Bila huyo mtu huyu mtoto hangekuwa."

Nyinyi mnajua kwetu jina ni nini. Hatulitoi kama peremende. Kumwita mtoto jina la mtu ni kusema mtu huyo ana kwao hapa, na hata akifa ataitwa kila asubuhi.

"Na mimi je?" nikauliza. Najua haikuwa adabu. "Unanikumbuka?"

Akinyi akacheka kwa furaha ya kweli, akanishika mikono yote miwili.

"Wewe? Nitakusahau aje! Wewe si ndio mama wa maharagwe!"

Basi hiyo ndiyo hazina yangu. Mwenzangu ana mtoto, mimi nina maharagwe. Watoto wote wa ufuo ule sasa wananiita Dani Maharagwe, yaani Nyanya Maharagwe, na Mama Ochieng', amezeeka, bado ananiuliza kama damu za Kisumu zimetulia.

Nilinunua omena nyingi kuliko nilizohitaji. Sasa nimekuwa ninaenda kila mara, maana mtoto amenizoea. Anapenda kukaa mapajani kwangu na kuvuta miwani. Akienda karibu mno na maji, mama yake akiwa na wateja, ni mimi ninayemwita. Na hamna njia nyingine ya kumwita. Inanibidi nifungue kinywa changu hiki, mbele ya ufuo mzima, niliite jina lile lile, na nilitamke kwa sauti tamu ili asiogope.

"Njeri," namwita, "njoo, mama. Njoo kwa dani."

Na yeye huja mbio.